Nyota ya Mpingo na sayari iliyoibana

Desemba 2019, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ukiadhimisha miaka 100, Tanzania ilipata nafasi ya kuipa jina nyota moja na sayari yake. Nyota ikaitwa Mpingo, kwa jina la mti wa miombo unaoota pia mkoani Morogoro. Sayari ikaitwa Tanzanite. Awali zilijulikana kama WASP-71 na WASP-71b, kutokana na mradi wa WASP uliokuwa na kamera La Palma na Sutherland, Afrika Kusini.

Novemba, mnamo saa nne usiku, Mpingo hupita karibu na utosi wa Morogoro, juu kabisa, mahali ambapo hata safu ya Uluguru haiwezi kuikinga. Mawingu ya vuli yakiachia, darubini ndogo inatosha kuiona.

Tanzanite ni jitu la gesi lenye uzito unaozidi mara mbili wa Mshtarii, na huizunguka Mpingo kwa siku 2.9. Utaridi hulizunguka Jua kwa siku 88. Je, nyota iliyobanwa hivyo hubaki tulivu?

Swali hilo lilipata uzito mwaka 1995, Michel Mayor na Didier Queloz walipogundua sayari ya 51 Pegasi, yenye mzunguko wa siku 4.2. Mwaka 2000 Manfred Cuntz na wenzake walitaja njia mbili za usumbufu. Ya kwanza ni uvutano: sayari huinua gesi ya nyota kama mwezi unavyojaza maji pwani. Ya pili ni sumaku: sayari hutikisa uga wa sumaku wa nyota, na nishati ikashuka hadi usoni pake.

Mwaka 2003 Evgenya Shkolnik na wenzake, wakitumia darubini ya Mauna Kea, Hawaii, walieleza kwamba mwanga wa kalisi wa nyota HD 179949 hupanda na kushuka kwa kufuata mzunguko wa sayari yake. Miaka mingine dalili ilitoweka, kisha ikarejea. Wenye shaka walikuwa na hoja nzito: nyota yenye msukosuko huficha sayari ndogo, hivyo zinazopatikana huko ni kubwa na za karibu, na takwimu huegemea upande mmoja. Shaka hiyo iliisaidia sana elimu hii.

Mwaka 2014 mambo yakageuka. Darubini ya anga ya Chandra haikuona eksirei zozote kutoka WASP-18, ingawa sayari yake, nzito mara kumi ya Mshtarii, huizunguka kwa chini ya siku moja. Huenda uvutano umeidhoofisha sumaku ya nyota hiyo. Kwa maoni yangu, kisa hiki ndicho cha kuzingatia kwa Mpingo, kwani zote mbili ni nyota za aina F.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ulitoka mwaka 2025. Ekaterina Ilin na wenzake walihesabu milipuko 15 kwenye HIP 67522, nyota changa ya miaka milioni 17, mingi ikitokea sayari yake ya ndani inapopita upande unaotukabili. Sayari huichokoza nyota, na milipuko huirudia yenyewe: hewa yake inapeperushwa, na ndani ya miaka milioni 100 huenda ikasinyaa kutoka ukubwa unaokaribia wa Mshtarii hadi wa Neptuni.