Brandi ya Ufaransa na Waragi ya Ankole

Brandi inayotengenezwa katika jimbo la Cognac, magharibi ya Ufaransa, karibu yote huuzwa nchi za nje na kuiletea nchi hiyo fedha nyingi za kigeni. Waragi inayopikwa katika vijiji vya Isingiro na Mbarara hupita njia za vichochoroni usiku. Hata hivyo kazi inayofanywa ni moja. Mkulima huchuma matunda yake, huyakamua, huacha maji yake yachachuke, kisha huyachemsha mtamboni na kuukusanya mvuke uliopoa. Tofauti kubwa ya vinywaji hivi imo katika historia ya sheria, wala si katika zabibu na ndizi. Historia hiyo inawahusu sana askari na polisi, kwa kuwa wao ndio wanaotumwa kuisimamia sheria yenyewe.

Katika Ankole pombe ya asili ni tonto. Ndizi za pombe huivishwa kwa kufunikwa kwa majani ya migomba, kisha hukandwa pamoja na nyasi mpaka zitoe maji. Maji hayo hutiwa katika mtumbwi wa gogo, huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, na baada ya siku moja au mbili pombe huwa tayari. Haidumu, baada ya siku chache hugeuka siki. Maarifa kama hayo waliyachukua pia wale waliohamia Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Watutsi walipokimbia machafuko ya Rwanda. Baadaye waliwafuata Warundi, Wakongo, Wasomali na wengineo. Mnyarwanda na Mrundi huiita pombe hiyo urwagwa, na Mkongo wa Kivu huiita kasiksi. Mtu aliyepoteza ng'ombe, nyumba na shamba bado hubaki na ujuzi wa mikono yake, na kwa wanawake wengi wa makazini ujuzi wa kupika pombe umekuwa njia ya kupata ada ya shule na sabuni.

Kuikeneka tonto hata iwe pombe kali ni jambo la baadaye, nalo lina uhusiano na jeshi. Wengi husema kwamba ufundi huo uliletwa na askari Wanubi, wale wa Emin Pasha waliochukuliwa na Lugard mwaka 1891 na kuletwa Uganda, na kwamba jina la waragi limetokana na neno la Kiarabu araki. Wengine hudai kuwa ni jina la Kiingereza lenye maana ya jini ya vita. Vyovyote iwavyo, dola za Ulaya zilikwisha kukata shauri. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipiga marufuku pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, huku ukiacha mlango wazi kwa ajili ya wakazi wasio wenyeji. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ukakataza pia utengenezaji wake. Ufaransa, nchi ya brandi, ilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi. Hivyo Mzungu aliweza kuketi barazani na brandi yake, na Mwafrika aliyeonekana na mtambo wa bomba la shaba akaitwa mhalifu.

Uganda ilipopata Uhuru mwaka 1962 ilitazamiwa kwamba jambo hilo litarekebishwa. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 iliruhusu kukeneka, lakini kwa leseni tu, na mwenye leseni alitakiwa kuiuza enguli yake kwa kiwanda. Kiwanda kiliisafisha, kikaitia katika chupa na kuiuza kwa jina la Uganda Waragi. Jina likawa mali ya kiwanda. Mpishi wa kijijini hakupata jina, na kwa kuwa leseni ilikuwa mbali na bei ilikuwa ndogo, wengi walirudi porini na mitambo yao.

Inafaa kutazama namna Wafaransa walivyolitatua tatizo linalofanana na hilo, maana hawakulitatua kwa amani.

Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo aitwaye filoksera, aliyetoka Marekani, aliingia kusini ya Ufaransa na kuanza kula mizizi ya mizabibu. Katika Cognac mwaka 1877 palikuwa na hekta zipatazo 280,000 za mizabibu. Mwaka 1893 zilibaki kama 40,000. Wanywaji wa Uingereza wakageukia wiski ya Scotland. Dawa ilipatikana kwa kuunganisha mizabibu ya Kifaransa juu ya mizizi ya Kimarekani, lakini katika muda huo walanguzi walikwisha kujifunza kutengeneza divai kwa sukari, zabibu kavu na maji, na kuita brandi kile kilichokuwa spiriti ya viazi-sukari. Mizabibu iliporudi, soko lilikuwa limejaa. Bei ikaanguka, na mkulima wa kweli akashindwa kulipa madeni yake.

Mwaka 1907 kusini yote iliwaka moto. Mkulima mmoja aliyekuwa pia na mkahawa, Marcellin Albert, aliongoza mikutano iliyokua kila Jumapili, na tarehe 9 Juni, katika mji wa Montpellier, watu walikisiwa kupita nusu milioni. Mamia ya mabaraza ya miji yakajiuzulu. Waziri Mkuu, Georges Clemenceau, alipeleka majeshi. Katika Narbonne raia walipigwa risasi wakafa. Habari zilipofika Agde, askari wapatao 500 wa Kikosi cha 17 cha Miguu, vijana waliotoka katika mashamba hayohayo ya mizabibu, walivunja ghala la silaha na kutembea usiku mpaka Béziers, wakisema hawatawapiga risasi baba zao. Kesho yake walisalimu amri, na wakahamishiwa Gafsa, katika Tunisia.

Kuasi amri si jambo la kusifiwa katika jeshi lolote, na maofisa wa Ufaransa hawakulisifu. Lakini Serikali yenye busara hujiuliza ni nani aliyemfikisha askari mahali pale. Tarehe 29 Juni, siku chache tu baada ya Béziers, ilipitishwa sheria ya kuwabana wale waliotia maji na sukari katika divai, na wakaguzi wakapewa kazi ya kumwandama mghushi badala ya mkulima. Mwaka 1909 mipaka ya jimbo la Cognac iliwekwa kisheria. Mwaka 1935 kiliundwa chombo cha kitaifa cha kulinda majina ya mahali, na mwaka 1936 jina la Cognac likapata hifadhi hiyo. Tangu hapo brandi hiyo haina budi kutoka katika mizabibu ya jimbo hilo, kukenekwa mara mbili katika mitambo ya shaba, na kukaa katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka miwili. China ilipoitoza ushuru brandi ya Ulaya mwaka 2024, katika ugomvi uliohusu magari ya umeme, Serikali ya Ufaransa iliingia katika mashauri ili kuwatetea wakulima wake.

Katika kusini magharibi ya Uganda gharama ya kukosa ulinzi wa namna hiyo imehesabiwa kwa makaburi. Mwezi wa Aprili 1910 haukumbukwi na mtu, lakini Aprili 2010 unakumbukwa katika Kabale: watu zaidi ya 80 walikufa kwa kunywa waragi iliyotiwa methanoli. Aliyetia methanoli hakuwa mkulima wa ndizi. Ni ndugu wa yule mlanguzi wa sukari na maji. Mwaka 2019 Serikali ilipiga marufuku pombe kali ya vifuko vya plastiki, na hatua hiyo ilistahili, kwa kuwa vifuko hivyo viliingia hata katika mifuko ya watoto wa shule.

Mfano wa kumjali mkulima pia upo. Mwaka 2002 kiwanda cha Nile Breweries kilianza kutengeneza bia ya Eagle kwa mtama wa hapa nchini, baada ya Serikali kukubali kupunguza ushuru wake, na mwaka 2013 kikafungua kiwanda kingine Mbarara. Mkulima wa mtama akapata mnunuzi anayejulikana. Mpishi wa ndizi, awe Mnyankole wa Isingiro au mkimbizi wa Nakivale, hakuguswa na mpango huo. Dumu lake la plastiki huondoka kuelekea Mbarara bila jina la kijiji wala la mtengenezaji, na polisi anayelisimamisha njiani hana chombo cha kumwonyesha kama ndani mna pombe ya ndizi au sumu.