Bandari Huria ni Nini? Pata Rada ya Hainan, Kisiwa China Imefungulia Dunia Vita vya Ushuru Vikiendelea

Kama ushawahi kuagiza simu ama viatu kutoka nje, unajua vile ushuru unaweza kurusha bei juu. Sasa ona hiyo story ikikuta nchi mzima. Aprili 2025, Trump alipandisha ushuru wa bidhaa za China hadi 145%, kabla wakae chini mwezi wa Mei na kuupunguza. Huko kunaitwa kulinda soko: nchi inafunga geti ili watu wake wanunue vya nyumbani.

China nayo imefungua geti lingine. Hainan ni kisiwa cha kusini, kikubwa kuliko Rwanda, na kina watu karibu milioni 10. Mpango wake ulitangazwa 2018, mwaka ule ule vita vya ushuru na Marekani vilianza. Tarehe 18 Desemba 2025, kisiwa chote kikaanza kufanya kazi na forodha yake maalum.

Inafanya kazi aje?

Mzigo ukitoka ng'ambo kuingia Hainan, 74% ya aina za bidhaa hazitozwi ushuru. Kitambo ilikuwa 21%. Ukitaka kuvusha mzigo huo hadi China bara, hapo ndio unalipa. Lakini kiwanda kikiongeza thamani ya angalau 30% hapo kisiwani, unaweza kuvuka bure. Yaani unaleta buni mbichi, unaikaanga, unaipakia, na hesabu ikifika, umepita.

Usidanganywe lakini. Kitu kikitengenezwa Hainan kikaenda Marekani, bado ni cha China na bado kinalipa ushuru wa Trump. Hainan haibomoi ukuta wa mwenzake. Inavuta viwanda na wateja wa kwingine.

Inakuhusu?

Sana. Kenya pia ilipigwa 10% na Marekani hiyo Aprili, na inajenga eneo lake maalum la kiuchumi Dongo Kundu, Mombasa. Kampuni kwa maeneo kama hayo hulipa kodi ya mapato ya 10% kwa miaka 10 ya kwanza, badala ya 30%. Hiyo ni doo serikali imeachilia, na malipo yake yanafaa kuwa kazi.

Kwa hivyo ukisikia eneo jipya limefunguliwa, usijali ni nani alikata utepe. Uliza wangapi wameandikwa na nini kinatengenezwa hapo. Kontena likiingia na kutoka vile lilikuja, mtaa haujapata kitu.