Kuiga: Heshima na Dhihaka katika Neno Moja

Kitenzi "kuiga" kina maana mbili zivutanazo. Mwanagenzi humwiga fundi wake ili apate ujuzi. Mtani humwiga mwenziwe, sauti na mwendo, ili watu wacheke. Maana hizo zilikutana katika beni, ngoma iliyozuka katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890. Wachezaji walivaa sare, wakapeana vyeo, wakapiga gwaride mithili ya majeshi ya kikoloni. Wako walioiona kuwa ni ukasuku tu. Terence Ranger aliipinga rai hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975. Neno lenyewe lamuunga mkono: amwigaye mkubwa aweza kumstahi au kumcheka, na mkubwa atazamaye hana hakika ni lipi.