Ubongo wa mvutaji sigara hutangulia mkono

MVUTAJI sigara anapomwona mtu akivuta, ubongo wake huanza kujiandaa kuvuta hata kabla mkono haujagusa pakiti.

Hayo yalibainika mwaka wa 2011, watafiti wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, walipowaonyesha wavutaji 17 na watu 17 wasiovuta nusu saa ya kwanza ya filamu ya Matchstick Men, huku mtambo ukipiga picha za ubongo wao. Hawakuambiwa kwamba uchunguzi ulihusu sigara. Mhusika alipovuta, sehemu za ubongo zinazopanga miondoko ya mkono zilichangamka zaidi kwa wavutaji, kana kwamba wao ndio walioishika sigara hiyo.

Chanzo ni mazoea. Nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache na kuchochea dopamini, kemikali inayoufunza ubongo kukumbuka kilicholeta raha. Hatimaye chochote kilichozoea kuandamana na sigara, kiwe kiberiti, kikombe cha chai au hata rafiki, huamsha hamu.

Ndiposa aliyeacha kwa majuma kadhaa huweza kurudi nyuma ghafla akinusa moshi tu. Huo si ulegevu wa tabia. Wataalamu humshauri anayeacha aondoe nyumbani viberiti na visahani vya majivu, na kuepuka kwa muda vikao vya wavutaji. Vichocheo vikipungua, vita hivyo huwa vyepesi.