Wapagazi wa Njia ya Ujiji

Masika ya mwaka 1871 yalimkuta Henry Morton Stanley njiani, akitoka Bagamoyo kwenda kumtafuta mmisionari Livingstone. Katika mbuga ya Mkata, magharibi ya Morogoro ya leo, nchi nzima iligeuka ziwa. Tope liliwashika watu miguu, punda walikufa mmoja baada ya mwingine, na farasi wake wawili walikuwa wamekwisha kufa kabla ya kufika huko. Mizigo ilivuka kwa sababu kulikuwa na watu walioipandisha begani au kichwani, wakajikokota majini hatua kwa hatua. Stanley aliandika kitabu akapata sifa. Wapagazi walipata ujira, nao waliuhesabu vizuri, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao.

Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni mwendo wa kilomita 1,200 hivi, kupitia Usagara, Ugogo na Tabora. Kilichowafanya binadamu wabebe mizigo njia yote hiyo ni ndorobo. Inzi huyo alisambaza nagana, ugonjwa uliomaliza ng'ombe, punda na farasi. Wageni walijaribu kila hila. Wamisionari wa London walileta mikokoteni ya kukokotwa na maksai mnamo 1877, na maksai wakafa njiani. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliagiza tembo wanne waliofugwa kutoka India, wakateremshwa Msasani. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Baada ya gharama zote hizo, mizigo ilirudi palepale ilipokuwa: kwenye bega la Mnyamwezi.

Wanyamwezi na jirani zao Wasukuma walikuwa wameijua njia hiyo kabla Mzungu yeyote hajaikanyaga. Walishuka pwani na pembe za ndovu, wakapanda bara na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Richard Burton, aliyepita mwaka 1857, aliona kwamba kwao kazi hii ilikuwa kipimo cha uanaume, na kwamba hata watoto walibebeshwa vipembe vidogo ili wazoee. Kijana ambaye hajaiona bahari alikuwa bado na jambo la kuthibitisha nyumbani.

Ilikuwa kazi ya ujuzi. Mzigo wa kawaida ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, na juu yake mpagazi aliongeza mkeka wake, chungu chake, silaha yake na chakula. Mtumba wa vitambaa vya merikani au kaniki ulikazwa kwa kamba pamoja na fito ndefu, ili wakati wa kupumzika usimamishwe kwenye mti bila kugusa unyevu wa ardhi, na mwenyewe aupokee tena begani bila kuinama. Mtu aliyechoka akilazimika kuinama kuokota kilo 30 mara kumi kwa siku, mgongo wake haufiki Tabora. Nyaya za shaba zilitundikwa kwenye ncha mbili za mti. Pembe kubwa ilikuwa ya wenye nguvu na ilileta heshima. Iliyozidi kiasi ilining'inizwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili, na kila mmoja alilazimika kufuata mwendo wa mwenzake, la sivyo wote wangeyumba. Wanawake pia walikuwemo safarini, na vyungu, unga na watoto mgongoni.

Mbele alitangulia kiongozi na bendera. Msafara uliondoka alfajiri, ukapiga kambi kabla jua halijawa kali.

Lakini kulikuwa na mahali ambapo utaratibu huo haukuwezekana. Huko Usagara kulikuwa na kipito cha Rubeho, mlima mkali ambao Burton na mwenzake Speke waliupanda wakiwa wagonjwa, wakipepesuka na kushikiliwa na watu wao. Waliona pia maiti za wasafiri waliouawa na ndui, wameachwa kando ya njia. Kisha Marenga Mkali, nyika isiyo na maji kabla ya Ugogo. Hapo walikwenda mwendo wa telekeza: waliondoka baada ya adhuhuri, wakalala bila maji, wakaamka usiku kuendelea ili wakifikie kisima kabla miguu haijakataa. Wagogo walidai hongo ya vitambaa ili msafara upite na kuteka maji. Baada yake ikaja Mgunda Mkali, msitu wa miiba ambamo chakula kilikuwa haba. Aliyekuwa na kidonda mguuni alichechemea nyuma ya wenzake, na kubaki nyuma huko kulikuwa hatari kuliko kidonda chenyewe.

Ugumu huu haukuwafanya wapagazi kuwa watumwa, ingawa watumwa nao walipita njia hiyohiyo. Wengi walikuwa watu huru wa ujira. Posho ikipunguzwa waliweka mizigo chini na kukataa kuinyanyua, na mwenye msafara alilazimika kujadiliana nao. Wakidhulumiwa, walitoroka usiku. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa malalamiko juu ya "uvivu" na "ukaidi" wao. Anayevisoma leo anaona wafanyakazi waliojua thamani ya mabega yao.

Jinsi walivyoimudu njia ilionekana baada ya Livingstone kufa, mwaka 1873, katika kijiji cha Chitambo, ambako leo ni Zambia. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba hadi Bagamoyo. Karibu na Tabora, walipoona kwamba maiti inaweza kuzuiwa njiani, waliufunga upya ufanane na mtumba wa vitambaa. Walifika pwani Februari 1874.

Kuelekea mwisho wa karne wapagazi walipata adui mdogo. Funza, aliyeingia Angola kwa meli mwaka 1872, alivuka bara zima kwa kufuata njia za misafara na kufika pwani ya mashariki katika miaka ya 1890. Watu wasiokuwa wakimjua hawakujua kumtoa, vidole vikaoza, na wapagazi hodari wakawa wa kujikongoja kwa fimbo. Kisha ikaja reli ya Wajerumani: ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kazi ya wapagazi ikafifia.

Mwaka huohuo Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia viliirudisha kazi hii, bila haki zake. Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji walikusanya wabebaji kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu, wakiwemo watu wa nyanda baridi ambao hawakuwahi kubeba mzigo wa safari. Katika mafuriko ya Rufiji ya mwaka 1917 walisota kwenye tope kama la Mkata, lakini sasa hakuna aliyeweza kuutua mzigo akadai posho. Unga wa mahindi usioiva uliwaletea kuhara. Upande wa Waingereza pekee, vifo vilivyoandikwa vilizidi 40,000, na wanahistoria wanaamini idadi halisi ni kubwa zaidi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilipata majina yao kutokana na jeshi la wabebaji la Waingereza. Mishahara ya maelfu waliokufa bila ndugu zao kupatikana haikulipwa kamwe.