En Mana Kuoyo (albamu)

En Mana Kuoyo ni albamu ya Ayub Ogada, mwimbaji, mtunzi na mpiga nyatiti (ala ya nyuzi ya Wajaluo) kutoka Kenya. Ilitolewa mwaka 1993 na Real World Records, kampuni ya mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel, baada ya kurekodiwa katika studio ya kampuni hiyo kijijini Box, Wiltshire. Nyimbo zake nyingi ni za Kijaluo. Jina la albamu lina maana ya "ni mchanga tu".

Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956 kwa jina la Job Seda, mtoto wa wazazi wanamuziki. Katika miaka ya 1970 alipigia bendi ya roki ya Black Savage jijini Nairobi, kisha akawa miongoni mwa waasisi wa African Heritage Band, iliyolelewa na jumba la sanaa la Alan Donovan. Alionekana pia katika filamu ya Out of Africa (1985). Mwaka 1986 alikwenda Uingereza na nyatiti yake, akawa anawapigia wapita njia katika vituo vya treni za chini ya ardhi London. Watu wa tamasha la WOMAD walimsikia, na mwaka 1988 akapanda jukwaani kwao.

Albamu yote imesimama juu ya nyatiti. Msikilizaji wa Shumba au Wete kisiwani Pemba, aliyezoea udi wa taarabu, atagundua tofauti mara moja. Mpiga udi hukandamiza nyuzi shingoni ili kubadili sauti, lakini nyatiti ina nyuzi 8 zilizo wazi, na kila uzi una sauti yake moja tu. Mpigaji hukaa chini kwenye kigoda, ala ikiwa imelazwa ubavu mbele yake. Kidole gumba cha mguu kimevikwa pete ya chuma, oduong'o, inayogonga ukingo wa ala, na njuga ziitwazo gara hulia mguuni. Kwa hiyo mtu mmoja hubeba nyuzi, ngoma na sauti. Kwa desturi ya Wajaluo, mpiga nyatiti huchangamsha matanga na sherehe kwa kasi na majigambo. Ogada alipunguza yote hayo: mwendo wa taratibu, sauti nyororo karibu ya kunong'ona, ala za kusindikiza chache. Hapo ndipo ilipo nguvu ya albamu. Studio ya kifahari kama ile ingeweza kuufunika muziki wake kwa vinanda vya umeme, na ni jambo la kushukuru kwamba haikufanya hivyo.

Wimbo uliovuka mipaka kuliko zote ni Kothbiro, unaohusu mvua inayokuja. Wengi huudhani ni wimbo wa kale wa vijijini. Ukweli ni kwamba Black Savage walikwisha kuurekodi Nairobi katika miaka ya 1970, kwa magitaa, na unahesabiwa kuwa utunzi wa Ogada na mwenzake Mbarack Achieng. Alichofanya Ogada mwaka 1993 ni kuuvua mavazi ya roki na kuukabidhi kwa nyatiti. Mkurugenzi Fernando Meirelles aliutumia katika filamu ya The Constant Gardener (2005), iliyopigwa kwa sehemu kubwa nchini Kenya, na watazamaji wengi waliujua kwa njia hiyo. Mwaka 2018 Kanye West alichukua kipande cha wimbo huo kwa ajili ya wimbo wake Yikes, ila hakukichota kutoka albamu hii bali kutoka rekodi ya Black Savage.

Nyimbo nyingine zinazostahili kusikilizwa kwa utulivu ni Obiero, Chiro na Ondiek, na ule uliobeba jina la albamu.

Ogada hakuwa mtu wa kutoa albamu kila mwaka. Alirudi Kenya mwaka 2007, na mwaka 2015 ikatoka Kodhi, aliyoifanya na mpiga gitaa Trevor Warren. Alifariki tarehe 1 Februari 2019 huko Nyahera, karibu na Kisumu.