Kilima na Uwanda: Makazi ya Wafanyakazi katika Nairobi

Huenda siku moja, msomaji, ukapata barua ya kuitwa kazini Nairobi. Ndugu na rafiki watakushauri mahali pa kukaa: mmoja atataja Kilimani, mwingine Kileleshwa, na wa tatu, ajuaye mshahara wa mwanzo ulivyo, atakuambia Kawangware. Nawe utadhani kwamba shauri hilo ni la mfuko wako na nauli ya matatu basi. Lakini mitaa hiyo haikujipanga yenyewe, na yafaa ujue jinsi ilivyopangwa.

Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwezi wa Mei, mwaka 1899, mahali ambapo Wamasai walipaita kwa jina la maji baridi. Ardhi yake ni ya namna mbili. Upande wa magharibi nchi huinuka, udongo ni mwekundu, na maji ya mvua hayatuami. Upande wa mashariki ni uwanda wa udongo mweusi: mvua ikinyesha hugeuka tope linalonasa miguu, na jua likiwaka hupasuka nyufa. Wakuu wa reli walijijengea nyumba juu ya kilima, magharibi ya stesheni. Vibarua na makarani wadogo wakawekwa chini uwandani. Hapo sheria haikuwapo bado. Kilikuwapo cheo, nacho cheo kilifuata rangi ya mtu.

Sheria ilikuja na maradhi. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi, na wakubwa wakaamuru soko lichomwe moto. Ugonjwa ule ulitokana na panya, uchafu na msongamano, mambo ambayo mifereji mizuri na nafasi ya kutosha yangeyapunguza. Lakini watawala waliona ni rahisi zaidi kuwalaumu watu. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, bingwa wa afya kutoka Uingereza, alishauri kwamba Wazungu, Waasia na Waafrika wakae mbalimbali. Mwaka 1923 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuacha kuwatenga Wazungu na Waasia mijini kwa sheria. Hata hivyo hati za viwanja ziliendelea kuandikwa masharti ya rangi, na kile kilichokatazwa sheria kikafanywa na kalamu ya mwenye kiwanja.

Na Mwafrika je? Yeye hakuulizwa apendapo. Alitembea na kipande chake, na mahali pake palikuwa mashariki: Pumwani, mtaa uliofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, au Muthurwa ikiwa ni mtu wa reli. Nyumba ya mwajiri ilikwenda pamoja na kazi, hata aliyeachishwa kazi asubuhi hakuwa na mlango wa kufunga jioni. Tena chumba na mshahara vilikadiriwa kwa mtu mmoja, kana kwamba hana mke wala watoto. Kamati ya Serikali iliyochunguza mishahara ya Waafrika ilikiri jambo hilo mwaka 1954. Kwa maoni yangu, hili liliumiza kuliko tope lote la uwandani, kwani watu waliujenga mji huku jamaa zao wakiwangoja mashambani mwaka hadi mwaka.

Usidhani, lakini, kwamba magharibi hapakuwa na Waafrika. Walilala katika vijumba vya uani, nyuma ya nyumba za mabwana zao. Wengine walikaa ng'ambo ya mpaka wa mji, katika nchi ya Wakikuyu ya Dagoretti, ambako Kawangware na Kangemi vilikua. Hao waliingia kila asubuhi kwa miguu kufanya kazi Lavington na Westlands, na jioni wakatoka.

Mwaka 1963 mipaka ya jiji ilipanuliwa, na Dagoretti ikaingizwa ndani. Uhuru ulifungua milango ya magharibi. Tom Mboya, aliyesomea ukaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete, kisha akaajiriwa na Baraza la Jiji, alikuwa na makao Lavington alipouawa tarehe 5 Julai 1969. Wakubwa wengine wa serikali mpya nao walihamia pande hizo. Mlango ulioachwa na rangi ukashikwa na kodi ya nyumba.

Siku hizi majumba mengi ya zamani ya Kilimani na Kileleshwa yamebomolewa, bustani zake na yote, na maghorofa yamesimama palipokaa familia moja. Vijumba vya uani vilivyosalia hupangishwa, mara nyingi kwa vijana walioanza kazi karibuni. Basi utakapokwenda kutafuta chumba, chagua siku ya mvua, uone maji yanakoelekea. Tena ufike mapema, kabla ya saa moja, usimame katika njia itokayo Kawangware kwenda Lavington. Utawaona wapishi, watunza bustani na walinzi wakipita kwa miguu, wengi wakiwa wamebeba viatu vya kazini mkononi.